Hukumu ya Mara ya Kwanza katika The Last King of Scotland

Ukisema unatoka Onduparaka, Arua, wako watakaokumbuka timu ya mpira iliyopanda Ligi Kuu ya Uganda mwaka 2016. Wengine humkumbuka Idi Amin. Juma langu la kwanza chuoni Kampala, mwanafunzi mwenzangu alinisikia nikizungumza Kiswahili, akaniuliza kwetu ni wapi, kisha akasema, “Kumbe wewe ni mtu wa Amin.” Maneno hayo yalinirudisha kwenye filamu ya The Last King of Scotland (2006), iliyoongozwa na Kevin Macdonald kutokana na riwaya ya Giles Foden.

Filamu hii inahusu hasa kosa la kumhukumu mtu kwa siku ya kwanza. Nicholas Garrigan, daktari kijana wa kubuni kutoka Scotland, anamwona Amin akihutubia wanakijiji baada ya mapinduzi ya Januari 1971. Umati unashangilia, naye anavutiwa. Baadaye gari la Amin linagonga ng’ombe, Garrigan anamtibu mkono, na wawili hao wanabadilishana mavazi: shati la kijeshi kwa fulana ya Scotland. Tangu hapo, kila dalili mbaya Garrigan anaitafutia udhuru. Forest Whitaker, aliyepata tuzo ya Oscar mwaka 2007, anamwigiza Amin kwa ucheshi mwingi hata mimi nilicheka, ingawa mwisho wake naujua. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hapa filamu imefaulu, kwa kuwa mtazamaji anadanganyika pamoja na daktari.

Kasoro yake iko kwingine. Inatuonya tusimhukumu mtu mmoja harakaharaka, lakini inamwacha mtazamaji auhukumu umma mzima. Anayekutana na Uganda kwa mara ya kwanza humu anaona umati unaoshangilia na askari wanaotii. Kay, mke wa Amin, amefanywa mpenzi wa Garrigan. Kay Adroa wa kweli alikuwa Mlugbara wa kwetu Arua, binti wa mchungaji, aliyesoma Makerere. Alikufa mwaka 1974, na maiti yake ilikutwa imekatwakatwa. Mwaka huohuo aliuawa Michael Ondoga, Mlugbara aliyekuwa waziri wa mambo ya nje. Charles Arube, Mkakwa kama Amin mwenyewe, aliongoza jaribio la kumpindua, akafa. Historia hiyo ingetosha kuivunja picha ya “watu wa Amin”, lakini filamu haikuieleza kikamilifu.

Picha hiyo ilikuwapo kabla ya filamu, na imewahi kuua. Amin aliondolewa Aprili 1979. Tarehe 24 Juni 1981, wanajeshi wa serikali iliyofuata waliwaua raia waliokimbilia misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na mji wa Arua. Kwa wauaji, kuzaliwa West Nile kulitosha kuwa kosa.

Nilimweleza mwenzangu habari za Kay na Arube. Alinisikiliza, kisha akaniambia kuwa babu yake alichukuliwa usiku na askari waliozungumza Kiswahili, na hakurudi. Kwake yeye, Kiswahili ni sauti ya mlangoni usiku ule. Nami nilikuwa nimekwisha kumweka katika kundi la wenye dharau, kwa sentensi moja tu. Sikumwuliza chochote siku ile.

Kwa hiyo sisemi filamu hii isitazamwe. Itazamwe, lakini mtazamaji ajiulize ni nani aliyenyimwa nafasi ya kuonekana mara ya pili. Garrigan alipewa nafasi hiyo, akamwona Amin upya. Kay hakupewa, wala watu wa Arua na Koboko. Hilo ni pungufu kubwa kwa filamu inayojidai kutufundisha kutazama vizuri.