Vitanda 250, Milango 81

Mtaani Alppikatu, jijini Helsinki, kuna jengo ambalo Jeshi la Wokovu liliendesha kwa miongo kadhaa kama bweni la watu wasio na makazi. Lilikuwa na nafasi 250 za kulala. Likakarabatiwa kuanzia ndani, na lilipofunguliwa tena mwaka 2012 bweni halikuwapo. Badala yake kulikuwa na nyumba ndogo 81 za kupanga.

Nilipoziona tarakimu hizo kwa mara ya kwanza nilidhani ni hasara. Wale wengine walale wapi, tena kwenye baridi ya Finland? Lakini lazima tuangalie bweni lilikuwa likifanya kazi gani. Mtu wa bwenini hana mlango wa kufunga, wala mahali pa kuacha vitu vyake kwa amani. Anaweza kuishi hivyo miaka kumi, na kila usiku anahesabiwa kuwa amehudumiwa.

Mabadiliko haya yana chanzo chake. Mwaka 2007 jopo la watu wanne, akiwemo askofu wa Helsinki na daktari, lilitoa ripoti iliyoitwa Nimi ovessa, yaani Jina Mlangoni. Kutokana nayo serikali ilianzisha mpango wa 2008 hadi 2011, wenye lengo la kupunguza kwa nusu idadi ya waliokosa makazi kwa muda mrefu. Fedha za ujenzi na ununuzi wa nyumba zilitoka serikalini na kwenye mapato ya mashine za kamari, na mishahara ya wasaidizi ikagawanywa kati ya serikali na miji.

Kiini cha kazi yote, kwa maoni yangu, ni karatasi: mkataba wa kupanga. Zamani mtu alipandishwa ngazi. Aache pombe kwanza, atibiwe, aonyeshe nidhamu, ndipo apewe nyumba. Wengi walianguka njiani na kurudi chini kabisa. Wafini wakaanza na ufunguo. Mpangaji analipa kodi, mara nyingi kwa msaada wa ruzuku ya makazi, na wasaidizi wako humo humo jengoni. Akikataa matibabu leo, hafukuzwi. Kesho msaidizi atabisha hodi tena. Kinachoweza kumtoa ni yale yanayomtoa mpangaji yeyote, kama kutolipa kodi au kuwasumbua majirani. Ndiyo maana jengo lilibidi livunjwe ndani: huwezi kumwandikia mtu mkataba wa kupanga kitanda.

Jengo kubwa la namna hii lina udhaifu wake. Anayejaribu kuacha pombe anazungukwa na majirani wanaokunywa, na mtaa mzima unajua hilo ni jengo la nani. Kwa hiyo taasisi ya Y-Säätiö, iliyoanzishwa 1985, imekuwa ikinunua nyumba moja moja ndani ya majengo ya kawaida na kuwapangisha watu waliokosa makazi. Kwa wengi, njia hiyo naiona bora kuliko Alppikatu. Jengo lenye wasaidizi usiku na mchana libaki kwa wale ambao kuishi peke yao kungewaumiza.

Mwaka 1985 Helsinki ilikuwa na nafasi 2,121 katika mabweni na hosteli za aina hiyo. Kufikia 2016 zilibaki 52. Nchini kote, waliohesabiwa kukosa makazi walizidi 18,000 mwaka 1987, na mwaka 2023 walikuwa 3,429.

Mwaka 2024 ruzuku ya makazi ilipunguzwa. Hesabu ya mwaka huo ilipanda hadi 3,806, baada ya kushuka kwa zaidi ya muongo mmoja. Kwa hiyo halmashauri au shirika linalopanga kujenga jengo kama la Alppikatu nalisihi litenge fungu la kodi ya wapangaji na mishahara ya wasaidizi kwa miaka mingi ijayo, kabla ya kumwita mchoraji wa ramani.