Kanisa la Mkunazini na Hoja ya Kubomoa

Mtu akiyaona makanisa ya parokia ya Uingereza kwenye picha za kalenda, aweza kudhani yote yalichorwa na fundi mmoja siku moja: mnara wa mawe, mlango wa tao, makaburi kandoni, miti mizito yenye kivuli. La hasha. Kanisa la kijijini kule aghalabu ni kazi ya mamia ya miaka. Wanormani walioiteka nchi ile mwaka 1066 walijenga kuta nene na matao ya duara. Mwishoni mwa karne ya 12 likaingia tao lenye ncha. Katika karne ya 14 na ya 15, biashara ya sufu iliwaneemesha watu wa vijiji vingi, nao wakatoboa madirisha mapana na kuinua minara. Karne ya 16, baada ya kuachana na Papa, wakazipaka chokaa picha za ukutani. Na waumini walipozidi, hawakuvunja kanisa. Walitoboa matao katika ukuta wa ubavuni, wakajenga ubavu mwingine nje yake, na ukuta wa zamani ukageuka safu ya nguzo. Ndiyo maana katika jengo moja utakuta tao la duara likitazamana na tao la ncha, na hakuna aonaye aibu.

Nayaandika haya nikiwa Nansio, ambako siku hizi kanisa likianza kuchakaa neno la kwanza kusikika kamatini ni "tubomoe". Tunataka jengo jipya tangu msingi hadi msalaba, lenye vigae na vioo, kama lile tuliloliona Mwanza tulipovuka kwenda kwenye harusi.

Waingereza nao walipata kuugua ugonjwa huu. Katika karne ya 19 wasanifu wao walizunguka vijijini "wakiyasafisha" makanisa: wakaondoa kila kilichoongezwa baadaye, wakakwangua plasta, wakajenga upya kwa mtindo ambao wao waliuona ndio safi. William Morris alipochoshwa na uharibifu huo alianzisha chama cha kuyalinda majengo ya kale, mwaka 1877. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: litunze jengo, lizibe lisivuje, liegemeze lisianguke, lakini usijifanye wewe ndiye uliyelijenga.

Mwaka huohuo wa 1877 ndio Waingereza wa Kanisa lao walipofika ufuko wetu huu wa kusini mwa ziwa. Desemba mwaka ule Shergold Smith na O'Neill waliuawa hapa Ukerewe, katika ugomvi wa Omukama Lukonge na mfanyabiashara Songoro. Baadaye wenzao walifungua kituo Nassa, na mwaka 1909 wakakikabidhi kwa wamisionari wa Africa Inland Mission. Kwa hiyo kanisa la Kiingereza halikuota mizizi upande wetu, na anayetaka kuliona kwa macho yake hapa Tanzania afadhali ashuke hadi Unguja, kwenye Kanisa la Kristo, Mkunazini. Humo ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya 1877, siku chache tu baada ya mauaji ya Ukerewe.

Jengo hilo lilianzishwa mwaka 1873 mahali palipokuwa na soko la watumwa, baada ya Sultani Barghash kukubali kulifunga. Ramani ilichorwa Uingereza na Hayward, lakini msimamizi wa kazi alikuwa Askofu Edward Steere mwenyewe, yule aliyekusanya hadithi za Waswahili na kuzichapisha mwaka 1870. Kwa nje, kusema kweli, halinivutii sana. Mnara wake unaonekana kama mgeni aliyesimama pembeni mwa shughuli. Lakini ingia ndani uinue kichwa. Steere hakuezeka kwa mbao na vigae kama ilivyo desturi ya kwao. Alifunika kanisa zima kwa paa la tao, mfano wa pipa lililopasuliwa kwa urefu, lililomiminwa kwa saruji na matumbawe yaliyopondwa. Walikuwapo waliosema litaanguka. Zaidi ya miaka 140 imepita na liko palepale juu. Jiwe la Unguja ndilo lililoamua umbo la jengo, wala si mazoea ya mchoraji.

Linganisha na kanisa la Mtakatifu Yohana kule Mbweni, la mwaka 1882, katika kijiji walichokaa watumwa waliokombolewa. Hili ni kanisa la kijiji cha Kiingereza hasa, na mnara wake na makaburi yake. Linapendeza, lakini kama mtu aliyevaa koti la sufu ufukweni. Kwa maoni yangu Mkunazini ni kazi kubwa zaidi.

Tena kuna zile nguzo. Upande wa mlango mkuu baadhi ya nguzo zimesimama kichwa chini miguu juu, na watembezaji wa wageni husimulia kwamba mafundi walizikosea Askofu alipokuwa safarini bara. Wageni hucheka. Mimi naona kichekesho hicho kinarudiwa mno, kana kwamba mafundi hao hawakufanya kingine chochote, ilhali paa tunalolistaajabia ni kazi ya mikono ileile. Jambo la kutazama ni kwamba Steere aliporudi aliziacha. Zilikuwa zimebeba mzigo wake, basi.

Kanisa letu ninalolifikiria lina kuta za mawe ya pwani ya ziwa, yaliyobebwa kichwani na watu ambao wengi wetu tunawaita babu na bibi. Ukuta mmoja umepata ufa. Mabati yamekwisha. Wanaotaka kubomoa si wajinga: Jumapili watu husimama nje juani, na hakuna apendaye ukuta umwangukie mtoto wake. Hoja zote mbili nazikubali. Lakini ufa huegemezwa kwa nguzo ya nje, kama Waingereza walivyofanya makanisa elfu na zaidi, na waumini wa ziada hupewa ubavu mpya kwa kutoboa matao mawili au matatu katika ukuta wa kaskazini, ambao hauna ufa. Mwashi mzee niliyempeleka aukague aliugonga kwa nyundo mwanzo hadi mwisho, akaniambia matao matatu unayabeba, mradi yatobolewe moja baada ya jingine, na kila moja likauke kabla ya kuanza linalofuata. Vigae vyaweza kusubiri. Mabati mapya ndiyo ya kununua kwanza, kabla ya mvua za vuli.