Safu ya Saa Kumi na Mbili

Chumba cha seva cha duka hili la dawa za jumla, Bunju B, zamani kilikuwa stoo ya maboksi. Kina dirisha moja lenye wavu, feni ya ukutani na meza ya mninga. Juu ya meza kuna kompyuta nyeusi inayobeba hesabu zote za duka: dawa gani imeingia, ya bechi ipi, muda wake unaisha lini, nani amekopa na amelipa kiasi gani. Kwa wiki sita kompyuta hiyo ilikuwa ikizima na kuwaka yenyewe. Mafundi wawili walishapita. Wa kwanza alibadilisha memori. Wa pili alibadilisha feni ya ndani na kuweka matoleo mapya ya programu. Wote walilipwa, na seva iliendelea kuzima.

Fundi wa tatu alikuwa dada wa miaka thelathini hivi, mwenye mkoba mdogo: bisibisi za saizi tatu, brashi laini, tochi ya kichwani, multimita, na daftari la kaunta kwapani. Akaomba kiti. Asubuhi ile hakugusa skrubu hata moja. Aliwaita wafanyakazi mmoja mmoja: mara ya mwisho ilikuwa lini, nani alikuwepo, nini kilikuwa kinafanyika. Kila jibu aliliandika kama lilivyosemwa, hata lile la kijana wa stoo aliyesema seva huwa inazima "ikichoka".

Kuanza na watu kuna msingi wake. Mwaka 1985 Jim Gray, Mmarekani aliyekuwa katika kampuni ya Tandem, aliandika ripoti akiuliza kwa nini kompyuta husimama. Katika hitilafu alizozichambua, takriban asilimia 42 zilitokana na uendeshaji, yaani mikono ya watu wanaoihudumia mashine. Vifaa vyenyewe vilichangia asilimia 18 tu. Mafundi wengi bado wanaanza na vifaa, kwa sababu kifaa kinauzika.

Mchana akafungua kumbukumbu za mfumo. Seva huandika kila inachofanya, mstari kwa mstari, na kila mstari una saa yake. Mashine hii iliandika kwa UTC, saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Kwa hiyo mstari uliosema 03:04, kwenye simu ni 6:04 asubuhi, na kwa mama wa kaunta ni saa kumi na mbili na dakika nne. Fundi alichora safu tatu na kuandika zote, tukio kwa tukio, matukio 17. Nikimtazama, nilidhani anapoteza muda. Safu ya kwanza ilikuwa na 03 na 15 zilizochanganyika, ya pili 6 na 18. Safu ya tatu ilisomeka kumi na mbili, kumi na mbili, kumi na mbili, kuanzia juu hadi chini. Katika hesabu yetu ya saa, mapambazuko na machweo yana namba moja. Matukio mawili pekee yalikaa nje ya safu hiyo, yote saa nne asubuhi. Akayazungushia duara kwa kalamu nyekundu, akaendelea.

Kisha akatazama jinsi kila tukio lilivyoisha. Seva inayozimwa kwa utaratibu huaga: hufunga programu moja baada ya nyingine na kuliandika hilo. Iliyoanguka kwa kosa la ndani aghalabu huacha alama, ujumbe wa hitilafu au orodha ya anwani za memori. Hapa mistari ilikatika tu, na uliofuata ulikuwa wa kuwaka upya. Fundi hakuridhika na kuhisi kwamba ni umeme. Alirudi nyuma kwenye kumbukumbu ambazo hazikuwahi kufutwa, hadi 1 Aprili 2024, Jumatatu ya Pasaka, siku gridi ya taifa ilipozimika. Siku hiyo sababu inajulikana na nchi nzima. Betri za UPS, kifaa kinachoipa seva umeme wa akiba, ziliisha na seva ikafa. Akaweka mistari ya siku ile kando ya mistari ya wiki hizi, akaisoma kwa kidole kwenye kioo. Ilikatika vilevile. Kwa kuwa mashine ilikuwa imepangwa kujiwasha umeme ukirudi, waliokuwepo waliona kuzima na kuwaka tu, wakasema inajiwasha yenyewe.

Kanzidata nayo ilikuwa na ushahidi wake. Duka linatumia PostgreSQL, ambayo tangu toleo la 7.1 la mwaka 2001 huandika badiliko lolote kwenye jarida kabla ya kuligusa jedwali lenyewe. Muuza duka makini hufanya hivyohivyo, anaandika deni kwanza ndipo anakata mche wa sabuni. Ikizimwa ghafla, hulisoma jarida tena na kumalizia yaliyobaki. Mara zote 17 ilikuwa imeandika kwamba haikufungwa ipasavyo na inajirejesha, na mara zote 17 ilifanikiwa. Hakuna hata dozi moja iliyopotea kwenye hesabu. Fundi alimwonyesha mwenye duka mstari huo kwa heshima, kama mtu anayemsifu mwanafunzi wa mwenzake.

Shahidi wa tatu alikuwa diski. Diski za kisasa hujihesabia zenyewe ni mara ngapi zimekatiwa umeme bila kuambiwa. Ilisoma 31. Akaandika.

Siku ya pili alifungua kasha. Vumbi kidogo, kapasita hazijavimba, joto la kawaida, memori ikapita majaribio ya usiku mzima. Hilo lilikwisha haraka.

Jumatano alikuja kabla hakujakucha, wakati daladala za kwanza zinaita abiria Barabara ya Bagamoyo. Multimita aliichomeka kwenye soketi ileile ya UPS na kuiweka irekodi kiwango cha chini kabisa. Akakaa. Mlinzi alipita na ndoo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu. Ngoja nijaze tanki, nakuja."

Pampu ya kisima ikanguruma nyuma ya ukuta. Multimita, iliyokuwa kwenye volti 224, ikarekodi 197. Seva haikutikisika. Mtu mwingine angefunga mkoba aseme siyo pampu. Yeye alibaki, mkono shavuni. Baada ya robo saa mlinzi alizima pampu, akahamisha mpira, akaiwasha tena, na sekunde hiyohiyo friji ya dawa, ile ya insulini inayotakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, ikaanza kuunguruma. Multimita ikarekodi 168. UPS ikalia mara moja, na seva ikazima. Diski: 32.

Pampu inapoanza huvuta mara tano hadi saba ya umeme inaoutumia ikishazunguka. Ikikutana na kompresa ya friji kwenye laini moja, volti huporomoka hadi UPS inahamia kwenye betri, na hapo betri ndiyo inayoulizwa. Ndiyo maana haikuzima kila siku. Alimuuliza mlinzi kuhusu zile duara nyekundu mbili. Mzee hakufikiri sana: zote zilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, tanki hujazwa tena saa nne ili sakafu ioshwe.

Jumapili duka likiwa limefungwa, alinakili kanzidata kwenye diski ya nje, akaijaribu nakala hiyo kwenye kompyuta yake mpakato kuhakikisha inafunguka, ndipo akaizima seva kwa utaratibu. Mahali pake kwenye UPS akafunga balbu mbili za zamani za wati 100. Akachomoa waya wa ukutani, akahesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Balbu zikafifia na kufa kabla ya tatu. Betri zilikuwa mbili. Zikiwa zimepumzika, zote zilipima zaidi ya volti 12. Chini ya mzigo, moja ilibaki hapo na nyingine ikaanguka hadi 7. Taa ya kijani ya UPS ilikuwa imewaka muda wote huo.

Kwenye droo ya meza alikuta kebo ya kuunganisha UPS na seva, ingali kwenye mfuko wake wa nailoni. Akaiunganisha, ili betri ikikaribia kuisha seva ifunge kanzidata kwanza ndipo izime.

Betri zote mbili zilibadilishwa Jumatatu. Fundi umeme aliitenga pampu kwenye laini yake siku iliyofuata. Malipo ya dada yule yalikuwa ya siku nne za kutazama na saa moja ya kazi ya mikono, na mwenye duka aliyatoa bila kupunguza. Wiki ya tano baada ya hapo nilipita kununua dawa, nikaomba waniangalizie diski. Inasoma 32.