Uhakiki wa Baiskeli Mbili

Kwa miaka mingi niliwafundisha vijana kuhakiki riwaya na tamthilia, na daima niliwaambia kwamba mhakiki hana budi kuuliza kwanza kazi hii ilikusudiwa kufanya nini, ndipo aulize kama imelifikia kusudi lake. Sioni kwa nini maswali hayo yaishie vitabuni. Fundi aliyefufua baiskeli kuukuu naye ameweka kazi yake mbele ya watu. Amechagua cha kubakiza na cha kutupa, na anastahili kusomwa kwa makini kama mtunzi mwingine yeyote. Basi hapa nitazihakiki baiskeli mbili, zote Raleigh za chuma zenye magurudumu ya inchi 28. Moja inaning'inia ukutani mjini Arusha, katika ukumbi wa nyumba moja ya wageni. Nyingine inatembea hapa Haydom.

Msomaji kijana, ambaye amezaliwa akikuta pikipiki zimejaa kila kituo, huenda asifahamu Raleigh ilikuwa nini kwetu. Ilitoka Nottingham, Uingereza, kwenye kampuni iliyoanzishwa katika miaka ya 1880 na ambayo iliacha kuunda baiskeli mjini humo mwaka 2002. Kijijini aliyekuwa nayo alikuwa mwalimu, mwinjilisti, karani wa ushirika, au mkulima aliyeuza ng'ombe. Baadaye tulipata Swala, iliyotengenezwa na NABICO hapa hapa nchini, na Phoenix kutoka Shanghai, ambayo kwa umbo ni mdogo wake Raleigh kabisa. Miaka ya mwanzo ya 1980, vipuri vilipoadimika madukani, mafundi wetu walikata raba za breki kutoka kwenye matairi ya magari yaliyokufa. Nimeona kwa macho yangu wagonjwa wakiletwa juu ya karia hadi hospitali ya Kilutheri ya Haydom, ile iliyofunguliwa mwaka 1955, mmoja akisukuma na mwingine akimshikilia mgonjwa asidondoke. Baiskeli hiyo ilikuwa chombo cha mzigo, na mtu asipolishika jambo hilo atakosea kila hukumu inayofuata.

Nianze na ile ya Arusha. Kwa macho, hakuna wa kuishinda. Rangi yake nyeusi inang'aa kama maji ya kisima usiku, mistari ya dhahabu imechorwa upya kwa mkono usiotetemeka, na ile nembo ya kichwa cha korongo imesafishwa hadi kila unyoya unahesabika. Hata korongo watatu waliokatwa ndani ya gurudumu la meno la mbele wametolewa kutu kwa subira kubwa. Breki zake ni zilezile za vyuma, yaani vijiti vinavyotoka kwenye usukani na kushuka hadi kwenye rimu, bila waya. Niliomba ruhusa, nikazungusha pedali. Gololi zilikuwa kavu. Niliposhika tairi la mbele na kulitikisa, gurudumu zima lilicheza kama jino la mtoto. Fundi wake ametunza kila kitu kinachoonekana, na kila kisichoonekana amekiacha kife. Kama kusudi lilikuwa picha, amefaulu, wala simdharau, maana picha nazo zina kazi yake. Ila mwenyeji wangu aliniambia kwamba baiskeli ile 'imerudishwa kama ilivyokuwa', na hapo ndipo tunapoachana. Raleigh haikupata kuwa hivyo hata siku moja tangu ilipotoka kwenye sanduku lake.

Ile ya Haydom ilikuwa ya mwalimu mwenzangu, marehemu sasa, tuliyesoma naye chuo kimoja cha ualimu. Ilikaa ghalani miaka mingi nyuma ya magunia ya mahindi. Mwanawe, anayeishi Dar es Salaam, alipita Arusha, akaiona ile ya ukutani, akatuma fedha kwa mama yake ili ya baba naye ifanywe vivyo hivyo. Mama alikuwa na shauri jingine. Ana mjukuu wa kike anayesoma sekondari, na njia yake ya shule ina mteremko mrefu wa udongo mwekundu ambao masika huteleza kama sabuni. Mama alinieleza hivi: "Mwalimu, baba yao hakuitundika hata siku moja. Nami sitaitundika." Fedha za kijana zikaenda kwa fundi, ila maagizo yalikuwa ya mama.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Jambo la kwanza ambalo fundi alilikuta, baada ya kufuta vumbi, ni ufa mwembamba kwenye bomba la chini, karibu na kichwa cha fremu, mahali panapobeba mshtuko wa kila shimo la barabara. Mtu asiyejua angepeleka fremu kwa mchomeleaji wa mageti. Joto la umeme lingeyachoma mabomba yale membamba na kuufanya ufa uhamie pembeni ya weldi. Fundi wetu alitumia gesi na shaba. Fremu za namna hii ziliunganishwa hivyo tangu kiwandani: bomba huingizwa ndani ya kiungo cha chuma, shaba ikayeyushwa ikajaza mwanya. Shaba hiyo huyeyuka kwenye nyuzijoto 900 hivi, wakati chuma kinahitaji karibu 1500, kwa hiyo bomba lenyewe haliyeyuki. Nilipitisha kidole kwenye kiungo kabla hakijapakwa rangi. Shaba ilikuwa imeingia pande zote. Kazi safi.

Jambo la pili ni breki, na hapa ndipo fundi aliposhika kalamu akabadilisha maandishi ya asili. Breki za vyuma hubana rimu kwa ndani, upande unaotazama habu. Zinadumu sana, hazina waya wa kukatika, na juani zinatosha. Lakini rimu ya chuma chenye kromu ikilowa, raba huteleza juu yake, na baiskeli huendelea na safari yake kana kwamba hujaigusa breki. Kila mtu wa rika langu aliyeteremka kilima wakati wa mvua akiburuza soli ya kiatu chini anajua ninachosema. Na huwezi kubadili breki ukaacha rimu, kwa sababu rimu ya zamani ina ubavu wa mviringo ambao raba za breki za pembeni haziwezi kuushika. Kwa hiyo fundi alitafuta rimu za alumini kutoka baiskeli za mtumba za Ulaya, akatoboa kipande cha chuma kinachounganisha miguu ya nyuma ya fremu, akafunga breki za waya zinazobana kutoka pembeni. Usukani wa zamani, uliokuwa na mikono ya breki ndani yake, ukaondoka pia.

Rimu hizo mpya zina kipenyo cha milimita 622 pale tairi linapokaa, na za zamani zilikuwa na 635. Tofauti ni ndogo, milimita 6 na nusu kila upande, lakini inaleta mambo mawili. Kwanza, mikono ya breki ilibidi iwe mirefu, na ya nyuma ni mirefu mno kwa ladha yangu. Ukiibana kwa nguvu unaiona inapinda kidogo kabla haijashika. Ya mbele haina kasoro. Pili, na hili nadhani ni bahati zaidi kuliko hesabu, kumepatikana nafasi zaidi kati ya tairi na madigadi, na udongo wetu wa masika sasa hausimamishi gurudumu kwa haraka kama zamani.

Kuna kijana mmoja wa sokoni aliyeshauri iwekwe gia za kisasa, zile za mnyororo unaorukaruka. Fundi alikataa, nami namuunga mkono ingawa nilisikia wengi wakimcheka. Mwanya wa uma wa nyuma katika fremu hizi ni milimita 110 hivi, na habu za gia hizo huhitaji 130 au 135. Chuma hukubali kupanuliwa, hiyo ni moja ya fadhila zake ambazo alumini haina, lakini kifuniko kizima cha mnyororo kingelazimika kutupwa, na vumbi letu la kiangazi ni kama msasa. Alichofanya ni kubadili gurudumu la meno la nyuma, kutoka meno 18 hadi 20, la mbele likabaki na meno yake 46. Zamani mzunguko mmoja wa pedali ulikusogeza mita 5.7 hivi, sasa ni karibu mita 5. Kilima bado ni kilima. Binti atashuka na kusukuma, kama tulivyofanya sote, lakini atashuka mbele kidogo zaidi.

Kwenye kifuniko hicho cha mnyororo marehemu alikuwa ameandika herufi za kwanza za majina yake matatu kwa rangi nyeupe, kwa mwandiko uleule aliokuwa akiandikia ubaoni. Fundi alizunguka herufi hizo kwa brashi, akaziacha. Hakuna aliyemwagiza. Kwenye ile ya Arusha nilitafuta alama ya mtu yeyote aliyeimiliki, sikuiona hata moja.

Mwana alipokuja likizo alisononeka. Alisimama mbele ya baiskeli kwa muda, akauliza vile vijiti vya breki viko wapi. "Hii siyo ya baba tena," alisema. Sikulichukulia neno lake kuwa la kitoto. Usukani ule ndio aliokuwa akiushika akiwa amekaa mbele ya baba yake kwenye bomba la juu, na mtu ana haki ya kutaka kuushika tena. Mama alimletea vijiti na usukani vikiwa vimefungwa kwa kamba ya katani, akamwambia avipeleke Dar es Salaam avitundike anapotaka. Alivichukua. Asubuhi yake nilimwona akimkimbiza binti kwenye mteremko huku akimwelekeza aanze na breki ya nyuma ndipo abane ya mbele, jambo ambalo ni sahihi kwenye udongo unaoteleza.

Nina lawama moja, nayo si ndogo. Baada ya kuunganisha ule ufa kwa ustadi wote nilioueleza, fundi aliifunika fremu nzima kwa rangi ya magari, tabaka tatu nzito, pamoja na kiungo chenyewe. Nadhani alitaka kumfurahisha aliyetuma fedha. Chuma humpa mtu taarifa kabla hakijakatika: huanza kwa mstari mwembamba kama unywele, na mwenye macho huuona akapata muda wa kutengeneza. Rangi nene huuficha mstari huo. Mahali pale pangeachwa na mafuta tu, au rangi moja nyepesi, ili binti apapitishie kitambaa kila Jumamosi na kupatazama. Nilimwambia fundi. Alikubali, akasema atapakwangua baada ya mavuno, kwa sasa ana majembe ya watu. Nimemwambia mama asisubiri mavuno, na msasa nimempelekea mwenyewe.