Kuumbiza Sheria na Kuitia Alama

Katika istilahi za kompyuta neno "kuumbiza" limekwisha kuenea, nasi hatuna ugomvi nalo. Ugomvi wetu ni juu ya desturi ya kulitwisha kazi mbili. Mtu aiandaaye sheria ili isomwe kwenye kompyuta au simu hushughulikia kwanza umbo la nje: herufi nene, nafasi, kichwa kilichowekwa katikati ya ukurasa. Kisha ipo kazi ya pili, nayo ni kuiarifu mashine kwamba maneno haya ni kifungu, yale ni jedwali, na tarehe hii ndiyo ya kuanza kutumika. Zote mbili zikiitwa "kuumbiza", aliyemaliza ya kwanza hudhani amemaliza yote. Wachukuzi wa bandari ya Kigoma hawachanganyi hivyo. Mzigo uendao Kalemie au Bujumbura hufungwa kamba, kisha huandikwa jina la mwenyewe na mahali uendako. Kamba hata ikikazwa namna gani haisemi mzigo ni wa nani.

Kazi ya pili, basi, tuiite "kutia alama bainishi". "Lebo" inanuka chupa, na "alama" peke yake walimu wameshaitumia katika mitihani na katika uandishi.

Hasara ya kuchanganya huonekana upesi. Sheria zetu zimezoea kuwa na maelezo mafupi pembeni mwa ukurasa, pamoja na namba ya sheria inayotajwa. Kwenye karatasi jicho huyatenga bila taabu. Faili isiyo na alama bainishi inaposomwa na mashine, maneno hayo ya pembeni huangukia katikati ya sentensi. Sheria za marekebisho ni ngumu zaidi, kwa kuwa kifungu kimoja hubeba tumboni mwake kifungu kizima cha sheria nyingine. Mashine isiyoarifiwa itavihesabu vyote viwili kuwa ni vya sheria moja.

Wala haya si mambo ya mafundi peke yao. Tuseme wakazi wawili wa kata ya Katubuka, katika Manispaa ya Kigoma/Ujiji, wanagombania mpaka wa kiwanja, na katibu wa Baraza la Kata anafungua katika simu yake Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura ya 216. Hadi mwaka 2021 Baraza la Kata liliweza kuamua shauri la ardhi ambayo thamani yake haikuzidi shilingi 3,000,000. Sheria Na. 5 ya mwaka huo iliondoa uwezo huo: sasa Baraza hupatanisha tu, na likishindwa katika siku 30, mdai aweza kwenda kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Maandishi ya zamani, hata yakiwa mazuri kwa umbo, yasipokuwa na alama ya tarehe yatamfanya katibu yule aitishe kikao cha kutoa hukumu isiyo na nguvu, na mmoja wa wale wakazi atavunja ukuta wake bure.

Mfumo wa alama unaotumiwa sana kwa kazi hii, Akoma Ntoso, asili yake ni mradi wa Umoja wa Mataifa wa kuyasaidia mabunge ya Afrika. Mwaka 2018 shirika la OASIS liliukubali kuwa kiwango cha kimataifa. Jina ni la Kiakani, maana yake mioyo iliyounganishwa. Mfumo huu humlazimisha mtia alama aseme kila kipande ni nini na kimo ndani ya kipande gani. Hapo ndipo istilahi zetu zinapotuumbua, na tangu Sheria Na. 1 ya 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, hatuwezi tena kujificha nyuma ya Kiingereza.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 ina ibara na ibara ndogo; Katiba ya Zanzibar ya 1984 ina vifungu; Kanuni za Kudumu za Bunge zina fasili, neno ambalo walimu wa lugha wanalijua kwa maana nyingine kabisa. Hayo yavumilika, kwani kila waraka una mila yake. Lisilovumilika ni "sura". Katiba imegawanywa kwa sura, na papo hapo Katiba yenyewe ni Sura ya 2 ya Sheria za nchi. Je, Sura ya 2 ni Katiba nzima, au ni ile sehemu yake ihusuyo Serikali? Kiingereza nacho kina neno moja kwa yote mawili, ila kifupisho chake cha kale hukiokoa. Msomaji wa Kiswahili huokolewa na muktadha. Mashine iundayo kiungo haina muktadha. Maoni yetu ni kwamba katika alama bainishi sura ya ndani ya waraka iitwe "mlango", na "sura" iachiwe namba ya sheria. Maneno ya Katiba hayaguswi, maana alama hukaa nyuma ya maandishi.

Toleo la Urekebu la 2023, lililoanza kutumika tarehe 1 Julai 2025, limetufaa kwa kutenga "urekebu", yaani kuyaunganisha yaliyokwisha kupitishwa, na "marekebisho", yaani kuibadili sheria. Lakini "toleo" lenyewe limeelemewa: ni la Gazeti la Serikali, ni la urekebu, na wengine huliita hivyo hata andiko la sheria kama lilivyosomeka siku fulani. Kwa hili la mwisho twapendelea "hali ya sheria", iandikwe pamoja na tarehe, mathalani: Sura ya 216, hali ya tarehe 1 Septemba 2021.