Kufuli, Saa na Namba ya OB

Tuchukue kisa cha kubuni ambacho mtu wa Kitale hatakishangaa. Msimu wa mavuno, magunia mawili ya mahindi hayaonekani stoo. Mwenye stoo anamshuku kibarua wake, anamsukuma ndani na kupiga kufuli saa kumi na moja jioni. Anamfungulia saa mbili asubuhi na kumfikisha polisi. Kufikia adhuhuri mashtaka ni mawili: kibarua kwa wizi, tajiri kwa kumfungia mtu isivyo halali.

Shtaka hilo la pili limo katika kifungu cha 263 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya: kifungo cha mwaka mmoja au faini ya shilingi 14,000. Wengi wakisikia faini hiyo hucheka. Wasichojua ni kwamba mtu akitekwa ili afichwe na kufungiwa, kifungu cha 259 kinapandisha adhabu hadi miaka saba.

Wakili wa tajiri ataanzia wapi? Wengi hukimbilia kusema kibarua ni mwizi kweli. Hapo wanapoteza muda, maana hakimu haulizi hilo kwanza. Anauliza kama tajiri alikuwa na haki ya kumkamata, na baada ya kumkamata alifanya nini.

Swali la kwanza lina jibu zuri. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Utaratibu wa Mashtaka ya Jinai kinamruhusu raia kumkamata anayetenda kosa mbele ya macho yake, kosa ambalo polisi wangemkamatia bila hati, au anayemshuku kwa sababu za maana kwamba ametenda kosa kubwa. Kosa kubwa ni lile linalobeba kifungo cha miaka mitatu au zaidi, na wizi wa kawaida unafika hapo. Kwa hiyo kushika mkono wa kibarua si hatia, mradi shaka iwe na msingi: nyayo, shahidi, gunia lililokutwa kwake. Uvumi wa jirani hautoshi.

Kinachomzamisha tajiri ni kifungu cha 35, kinachotaka aliyekamatwa akabidhiwe polisi bila kuchelewa pasipo sababu. Kutoka saa kumi na moja jioni hadi saa mbili asubuhi ni saa kumi na tano. Kama mvua ilikata barabara na kituo kiko mbali, alete ushahidi wa mvua na umbali. Kama stoo iko karibu na kituo, sijui wakili atasema nini. Labda aulize kama mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Tangu mwaka 1845, mahakama ya Uingereza ilipoamua kesi ya mtu aliyezuiwa kusonga mbele kwenye daraja la Hammersmith lakini akaachiwa nafasi ya kurudi alikotoka, kuzibiwa njia moja tu hakujahesabiwa kuwa ni kufungwa.

Deni nalo ni hadithi nyingine kabisa. Kudaiwa si jinai, na ukimfungia mdeni wako, kifungu cha 34 hakikusaidii kitu. Mwaka 2015, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba hospitali ya Pumwani ilivunja haki za akina mama wawili waliozuiliwa kwa kushindwa kulipa gharama za kujifungua. Fidia ikawa shilingi milioni 1.5 kwa mmoja na 500,000 kwa mwenzake. Wenye zahanati za mitaani Bungoma na wenye nyumba za kupanga wangeisoma hukumu hiyo kabla ya kumwagiza bawabu afunge geti.

Na Bungoma ina sababu yake ya kuchukia kufuli lisilo na maandishi. Machi 2008, katika operesheni ya jeshi dhidi ya wanamgambo wa Mlima Elgon, wanajeshi waliwakusanya wanaume na kuwapeleka kambi ya Kapkota. Wapo ambao hawakurudi tena. Familia zilizowatafuta hazikuwa na OB, kitabu cha matukio cha polisi, cha kufungua.

Basi ukimshika mtu, mpeleke kituoni papo hapo. Omba namba ya OB, iandike mwenyewe pamoja na saa uliyomshika na saa uliyomkabidhi. Na wewe uliyefungiwa, andika zako: kumshtaki mtu binafsi kwa fidia una miaka mitatu, lakini kuishtaki serikali una miezi 12 tu.