Kigumu ni kuachilia: polima zinazonasa hewa ukaa

Lori likitoka kwenye matangi ya mafuta ya Shimanzi, Mombasa, na lita 30,000 za dizeli, limebeba takriban tani 80 za hewa ukaa ambayo haijazaliwa bado, maana kila lita ikichomwa hutoa kilo 2.7 hivi. Octavia Carbon, kampuni ya Nairobi iliyoanzishwa mwaka 2022, ilibuni mradi wa Hummingbird kwa lengo la kunasa tani 1,000 kwa mwaka kutoka hewani huko Gilgil, Bonde la Ufa. Hayo ni malori 12 na kitu. Idadi ni ndogo, lakini kazi ya kemia iliyotangulia ni kubwa, na ugumu wake hauko pale wengi tunapoudhania.

Kunasa kwenyewe ni jambo la zamani. Mwaka 1930 R. R. Bottoms wa Marekani alipata hataza ya kusafisha gesi kwa kimiminika chenye amini, yaani kemikali ambayo nitrojeni yake hushikana na hewa ukaa. Penye moshi wa kiwanda njia hiyo inafaa, kwa kuwa gesi inayotafutwa mara nyingi huzidi asilimia 10. Katika hewa tunayovuta ni sehemu 420 hivi kwa milioni. Kupata tani moja lazima upitishe zaidi ya mita za ujazo milioni moja za hewa, na ukitumia kimiminika utachemsha maji mengi kwa gesi kidogo.

Ndipo wanakemia wakageukia vitu yabisi. Polietilenimini ni polima, yaani molekuli ndefu kama mnyororo, iliyosheheni nitrojeni, ila ni ute mzito unaonata, na gesi huishia kwenye ngozi yake ya juu. Mwaka 2002 Chunshan Song na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania waliijaza ndani ya silika yenye vitundu vyenye upana wa nanomita chache, na ghafla sehemu za kushikia zikawa nyingi. Wengine walishika njia tofauti: punje za polistirini zenye vitundu vyake vyenyewe, amini zikiwa zimefungwa kikemia kwenye mnyororo. Punje za Lewatit kutoka Ujerumani ndizo zilizochunguzwa sana. Polietilenimini hubeba amini nyingi zaidi, lakini imekaa tu ndani ya vitundu na inaweza kuvuja; amini za punje hazibanduki ovyo. Mimi ningechagua punje. Mtambo unaolipiwa kwa miaka unahitaji uvumilivu kuliko pupa.

Baada ya kunasa inabidi kuachilia. Dema lisilofunguka halimfai mvuvi hata likijaa samaki. Polima ikishika kwa ulegevu, hewa ukaa inapita. Ikishika kwa nguvu mno, joto la kuitoa linagharimu kuliko faida. Amini zilipendwa kwa sababu huachilia kwenye nyuzi 80 hadi 120 za Selsiasi. Hata hivyo oksijeni ikizikuta na joto hilo huzila, kwa hiyo hewa huondolewa kwanza kwa pampu, kisha joto ndipo linawashwa. Nayo hewa ukaa kavu ikipashwa moto pamoja na amini hutengeneza urea, na sehemu hiyo haishiki tena; mvuke kidogo wa maji huzuia hasara hiyo.

Maji hayohayo ndiyo yanayonifanya nisitamani mtambo wa namna hii Shimanzi. Katika hewa kavu amini mbili hushirikiana kushika molekuli moja; penye unyevu moja inaweza kutosha. Hapo pwani tungefaidi. Lakini maji nayo hujishika kwenye polima, na kila kilo ya maji hula zaidi ya megajuli 2 za joto ili igeuke mvuke. Joto hilo litoke wapi? Ukichoma mafuta ya matangi ya jirani, unazalisha kile unachokinasa.

Bonde la Ufa lina jotoardhi, ambalo huko Olkaria limezalisha umeme tangu 1981, na lina miamba ya basalti. Octavia ilishirikiana na Cella Mineral Storage ili gesi ipelekwe chini ya ardhi, igeuke jiwe. Kule Iceland, mradi wa Carbfix ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 95 ya gesi iliyoingizwa kwenye majaribio yake iligeuka madini ndani ya miaka miwili.

Pwani yetu ina kazi nyingine. Tanuri la saruji hutoa moshi wenye hewa ukaa nyingi, na sehemu kubwa yake inatoka ndani ya mawe ya chokaa yenyewe, hivyo kubadili kuni au makaa hakuiondoi. Huko polima zingekuta windo la karibu. Tena ningependa punje hizi zipimwe kwenye maabara za Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, pale Tudor, kwa hewa ya masika yenye chumvi, zipashwe na kupozwa mara elfu, kisha tuambiwe ni amini ngapi zilizobaki hai.